Pasipoti inayokaribia kuisha: ibadilishwe kabla ya usaili wa visa au baadaye?

Wandegeya, mtaa wa Kampala ulio jirani na Chuo Kikuu cha Makerere, ni mahali ambapo mtu hupiga picha, hunakili vyeti na kujaza fomu za serikali mtandaoni bila kwenda mbali. Hata hivyo, kwa anayejiandaa kuhamia Marekani kumfuata mwenzi au mzazi, maandalizi hayo yote huweza kukwama kwenye swali moja: pasipoti iliyobakiza miezi michache ibadilishwe sasa, au isubiri?

Uzito wa swali hili unatokana na safari yenyewe. Visa za kuhamia za wakazi wa Uganda hazishughulikiwi katika ubalozi wa Marekani ulioko Nsambya. Usaili hufanyika Nairobi, katika ubalozi ulioko Gigiri. Anayeambiwa alete hati nyingine huingia tena gharama za nauli na malazi.

Hesabu ya miezi

Kanuni ya jumla ya Marekani ni kwamba pasipoti iwe hai kwa angalau miezi 6 baada ya tarehe ambayo msafiri anakusudia kuingia nchini humo. Kinachohesabiwa ni siku ya kuingia, wala si siku ya usaili. Visa ya kuhamia kwa kawaida haizidi miezi 6, na muda wake huweza kufupishwa na tarehe ya uchunguzi wa afya. Hivyo basi, aliyesailiwa na kupewa visa mwezi Machi huenda akasafiri hadi Septemba, na pasipoti yake itatakiwa kuwa hai hadi Machi ya mwaka unaofuata.

Kwa ufupi, pasipoti iliyobakiza mwaka mmoja au zaidi siku ya usaili haina haja ya kuguswa. Ikiwa imebakiza chini ya hapo, ni busara kuibadilisha, isipokuwa kwa anayeweza kufunga safari mara tu visa inapotoka.

Kupata mpya

Uganda ilianza kutoa pasipoti ya kielektroniki ya Afrika Mashariki mwezi Desemba 2018. Ombi hujazwa mtandaoni, ada ya pasipoti ya kawaida ni shilingi 250,000, na anayetaka huduma ya haraka huongeza 150,000. Kisha mwombaji hufika mwenyewe kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole.

Kinachochelewesha zaidi ni majina. Jina au tarehe ya kuzaliwa ikitofautiana na kumbukumbu za kitambulisho cha taifa, marekebisho hayo hutangulia. Ni vyema yakaguliwe mapema, pamoja na cheti cha kuzaliwa na cha ndoa.

Namba ikibadilika

Pasipoti mpya huja na namba mpya, ilhali fomu ya DS-260 hubeba ile ya zamani. Badiliko hilo peke yake halimnyimi mtu visa. Mwombaji huweza kuomba fomu ifunguliwe ili irekebishwe, au kumweleza ofisa wakati wa usaili akiwa na pasipoti zote mbili. Lililo bora ni kubadilisha kabla ya uchunguzi wa afya, ili hati zote zilingane.

Muda ukiwa mfupi

Usaili ukiwa wiki chache mbele, kuahirisha tarehe huweza kuwa salama kuliko kwenda Nairobi bila pasipoti. Tangu 2014 Mganda anaweza kuingia Kenya kwa kitambulisho cha taifa, lakini visa haibandikwi kwenye kitambulisho. Aliyekwisha kusailiwa na kuambiwa hati haitoshi hapaswi kukata tamaa: kwa kawaida hupewa mwaka mmoja kuleta kinachokosekana.

Washindi wa bahati nasibu ya visa hawana nafasi hiyo, kwani sheria inataka visa yao itolewe kabla ya mwaka wa fedha wa Marekani kumalizika tarehe 30 Septemba.

Kabla ya kulipa ada yoyote, mwombaji ahakikishe kama visa za kuhamia zinaendelea kutolewa kwa raia wa nchi yake. Maamuzi ya Washington hubadilika, na chanzo cha kutegemewa ni tovuti ya ubalozi wenyewe.