Nani Ampeleke Mtoto Kung'oa Jino?

Msimu wa korosho ukianza mwezi Oktoba, nyumba nyingi za Mkotokuyana, wilayani Nachingwea, hubaki na bibi na watoto. Wazazi wako shambani. Mtoto wa miaka 7 akikesha analia jino, asubuhi hupandishwa bodaboda pamoja na dada yake wa miaka 13, waende Nachingwea mjini. Dada njia anaijua na hela anayo. Lakini hana mamlaka ya kuridhia jino ling'olewe, wala majibu ya maswali ambayo tabibu wa meno lazima ayaulize kabla ya kushika koleo.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Kwa hiyo hapo mgonjwa ni mtoto, na msindikizaji naye ni mtoto. Anayeridhia ni mzazi au mlezi.

Tazama jino lenyewe. Karibu na miaka 6, mtoto huota gego la kwanza la kudumu, nyuma ya magego ya utoto, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Wazazi wengi hulidhani la utoto. Likitoboka na kung'olewa, halioti jingine, na pengine lingezibwa likadumu hadi uzeeni. Mtu mzima anapaswa kuelezwa ni jino gani, njia zipo zipi, kila njia ina hasara gani, na likiachwa itakuwaje. Akishaelewa ndipo atie saini.

Halafu kuna maswali ya afya. Mtoto ana selimundu? Ana tatizo la moyo? Kuna dawa iliyowahi kumletea vipele? Alipokwenda jando, damu ilikawia kukata? Hayo anayajua aliyemlea.

Na baada ya kung'oa, mtoto aume pamba kwa dakika 30 na asisukutue siku hiyo. Mdomo hukaa na ganzi kwa saa kadhaa, na watoto hutafuna mdomo wao wa chini hadi ukavimba, kwa kuwa hawasikii maumivu. Anatakiwa mtu mzima wa kumwangalia.

Kwa Wamwera na Wamakua mjomba ana sauti kubwa, na bibi amelea wajukuu wengi. Yeyote kati yao anayeishi na mtoto na kumtunza ni mlezi, aende naye. Akienda ndugu mwingine au mwalimu, mzazi aandike barua: jina lake, uhusiano wake na mtoto, namba ya simu, na alichoridhia. Kuridhia kuangaliwa au kuzibwa hakumaanishi kuridhia kung'olewa. Simu nayo iwe hewani, tabibu aweze kuuliza.

Uso ukivimba, homa ikipanda, au mtoto akishindwa kumeza au kufungua kinywa, apelekwe saa hiyo hiyo na yeyote aliyepo. Uhai huokolewa kwanza, wazazi hutafutwa huku matibabu yakiendelea.

Ridhaa ya mzazi ina mipaka. Kuna watoto wachanga wanaochokolewa ufizi kwa madai ya "meno ya plastiki", eti ndiyo yanayoleta homa na kuhara. Kinachotolewa pale ni chonge changa ambalo halijaota, na mtoto anaweza kupoteza damu nyingi au kupata maambukizi. Mzazi hana haki ya kuridhia madhara hayo.

Mtoto naye asikilizwe. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Mtoto kinampa haki ya kutoa maoni. Msimwambie haitauma, wala msimtishie sindano nyumbani. Aambiwe atachomwa kidogo, kisha patakufa ganzi, na akiinua mkono tabibu atasimama.

Basi kabla bodaboda haijaitwa, kubalianeni nani anakwenda. Kama hakuna mtu mzima, na mtoto hana uvimbe wala homa, wala hashindwi kumeza au kufungua kinywa, mpeni dawa ya maumivu kwa kipimo cha umri wake na safari isogezwe hadi mzazi arudi kutoka shambani.