Injini ya Dizeli na Somo la Kutafuta Chanzo

Utangulizi

Kipupwe kimoja, tulipokuwa tukienda vijiji vya Iramba kuwasimamia wanachuo katika mazoezi ya kufundisha, gari letu la dizeli lilianza kutikisika. Kila asubuhi usukani ulitetemeka na moshi mweupe ukatoka. Tulishauriwa kubadili nozeli zote nne. Tukazibadili, fedha zikaisha, mtikisiko ukabaki. Kosa lilikuwa letu, kwani tulitibu kabla ya kuchunguza. Mwalimu naye hutenda kosa hilo anapomwongezea mtoto mazoezi ya hesabu pasipo kujua ni hatua ipi iliyomshinda. Kwa hiyo yafaa tueleze jinsi chanzo cha hitilafu kinavyotafutwa, na jinsi jambo hilo linavyoweza kufundishwa katika shule ya msingi.

Kanuni yenyewe

Injini hii ina jina la mhandisi Mjerumani, Rudolf Diesel, aliyefaulu kuiendesha vizuri mwaka 1897. Tofauti na injini ya petroli, haiwashwi kwa cheche. Pistoni huikandamiza hewa mpaka ujazo wake unabaki sehemu moja tu kati ya kumi na tano au ishirini. Hewa hiyo hupata joto la zaidi ya digrii 500 za sentigredi, na dizeli inayonyunyizwa na nozeli huwaka yenyewe. Hewa ikivuja, joto hupungua na dizeli haiwaki sawasawa. Silinda moja ikilegea, injini hutikisika, hasa izungukapo polepole bila mzigo, hali ambayo mafundi huiita sailensi.

Hatua za uchunguzi

Fundi mmoja mzee wa mjini Singida alituonyesha utaratibu ufuatao.

Kwanza, tazama na usikilize. Moshi mweusi huonyesha kuwa dizeli imezidi au hewa imepungua. Wa bluu, kuwa oili inaungua. Mweupe wenye harufu ya dizeli, kuwa dizeli inatoka bila kuungua.

Pili, anza na mambo mepesi: chujio la hewa, chujio la dizeli, na hewa iliyoingia katika paipu za dizeli.

Tatu, itafute silinda yenye kasoro. Injini ikiwa sailensi, fundi hulegeza nati ya paipu ya nozeli moja, kisha huikaza na kuendelea na nyingine. Mlio ukibadilika, silinda hiyo ilikuwa ikifanya kazi. Usipobadilika, hiyo ndiyo mgonjwa. Kwetu ilikuwa ya tatu. Njia hii ni ya injini za zamani tu. Katika injini za kisasa za komoni reli isijaribiwe kamwe, kwa maana msukumo wa dizeli huweza kutoboa ngozi ya mtu.

Nne, badilisha jambo moja tu. Fundi alihamisha nozeli ya silinda ya tatu akaiweka ya pili. Kasoro haikuhama pamoja nayo; ilibaki pale pale. Basi nozeli haikuwa na hatia.

Tano, pima mkandamizo kwa geji. Singida iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,500 hivi, na kanieneo ya hewa ni pungufu ya ile ya pwani kwa karibu sehemu moja ya sita. Kwa hiyo hata injini nzima hupima chini kidogo hapa, na inafaa kulinganisha silinda kwa silinda. Silinda ya tatu ilikuwa chini mno. Fundi alitia humo matone machache ya oili, akapima tena, na kipimo kikapanda. Oili ilikuwa imeziba mwanya wa ringi za pistoni. Kipimo kisingepanda, tungeshuku valvu au gasketi.

Hata hivyo fundi hakuishia hapo. Aliuliza sababu ya ringi kulika, akakuta mpira wa hewa umepasuka mbele ya chujio. Kwa ufa ule vumbi la Singida liliingia injini kila siku.

Somo darasani

Wanafunzi wasifungue injini. Pampu ya baiskeli yatosha. Wazibe mdomo wake kwa kidole na kusukuma kwa nguvu mara kadhaa, kisha waguse upande wa chini wa pampu: watahisi joto. Halafu mwalimu awape pampu ambayo ngozi yake ya ndani imekauka. Hewa itavuja. Asiwaambie sababu. Wakisie, wajaribu kisio moja baada ya jingine, na waandike walichokiona. Mwisho watie oili katika ngozi hiyo na kusukuma tena. Watakuwa wamefanya kipimo kile kile cha fundi.

Hitimisho

Mwanachuo atakapokutana na mtoto asiyeweza kugawanya, ampe kwanza hesabu ya kutoa, kisha ya kuzidisha, kila moja peke yake, mpaka aone hatua inayovuja. Hapo ndipo aanze kufundisha.