Chakula Kinachobaki Mezani: Tukichukue, Tukigawe au Tukiache?



Wageni kutoka sharika rafiki za ng'ambo wakila katika mikahawa ya Jambiani huuliza: je, ni aibu kuondoka na chakula kilichobaki? Na mvinyo uliobaki nusu chupa tumpe nani? Kamati zinazowapokea zinapaswa kuwa na jibu.

Kila nchi na desturi yake

Marekani ni kawaida mteja kufungiwa chakula. Majimbo mengi pia humruhusu kuchukua mvinyo aliouanza, mradi chupa izibwe upya. Ufaransa wengi waliona haya. Tangu tarehe 1 Julai 2021 sheria inautaka mkahawa umpe chombo mteja anayeomba, isipokuwa kwenye bafe. Sababu ni upotevu: Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilikadiria kuwa mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula.

Kwetu si aibu. Unamwambia mhudumu "nifungie", basi. Hata Ruthu, alipokula shambani kwa Boazi akashiba, alichosaza alimpelekea mkwewe Naomi (Ruthu 2:14, 18).

Kugawa kwa heshima

Wakazi wa Jambiani wengi sana ni Waislamu. Usimpe mhudumu au jirani mvinyo, wala chakula chenye nguruwe au kilichopikwa kwa mvinyo. Hata akikataa kwa tabasamu, umemweka pagumu. Omba chupa izibwe na ihifadhiwe hotelini hadi kesho.

Chakula ambacho hakijaguswa bakulini kinaweza kugawiwa, lakini uliza kwanza. Kilichobaki kwenye sahani uliyolia ni makombo, na kumpa mtu mzima makombo ni kumdharau. Mwezi wa Ramadhani majirani hapa hupelekeana mabakuli ya futari. Hicho ni chakula kilichopikwa kwa ajili ya mwenzako, si kilichomshinda mgeni. Tofauti hiyo watu wanaiona, na miradi yetu inategemea heshima wanayotupa.

Usalama

1. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Joto likizidi nyuzi 32, saa moja tu.
2. Kipashe moto mpaka kitoe mvuke hadi katikati. Kiporo tunakipenda, lakini wali uliolala nje ya jokofu utupwe, kwa kuwa sumu inayoweza kujijenga humo haiondoki kwa kupashwa.
3. Njoo na chombo chako. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Zanzibar.

Lililo bora ni kuagiza kiasi utakachomaliza. Tunaziomba kamati ziwaeleze wageni haya siku ya kwanza, kabla hawajakaa mezani. Nanyi wahisani mnaojiandaa kututembelea, karibuni sana.