Kwa nini unaambiwa usubiri namba ya malipo?

Msikilizaji wetu mmoja alituuliza hewani: "Kila nikienda ofisi ya serikali naambiwa nisubiri namba. Si wapokee tu hela, niondoke?" Muda haukututosha, kwa hiyo tunamjibu hapa.

Namba hiyo ya tarakimu 12, inayoanza na 99, ndiyo wengi tunaiita kontroo namba. Inatoka kwenye mfumo wa GePG ulio chini ya Wizara ya Fedha, ulioanza kutumika mwaka 2017. Kabla ya hapo kila taasisi ilikuwa na mambo yake. Ya maji ilikuwa na utaratibu wake na benki, ya ardhi wake, mahakama nayo wake. Ulikuwa unalipa benki, unabeba karatasi kuipeleka ofisini, ndipo unaandikiwa risiti nyingine.

Usumbufu ule ulikuwa na gharama tusiyoiona. Kila taasisi ilipia kompyuta zake, mafundi wake na matengenezo yake, kwa kazi ileile: kupokea hela na kujua nani kalipa. Ni kama nyumba ya vyumba kumi ambayo kila mpangaji anachimba kisima chake uani. Na hapa anayelipia visima vyote ni mmoja, ni wewe, maana kodi unaitoa hata ukinunua soda au vocha.

Sasa bili ya maji, faini ya barabarani na ada ya cheti cha kuzaliwa cha RITA vyote vinapita mlango mmoja. Tena Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 inaitaka taasisi ya umma inayopanga mradi wa TEHAMA iupeleke kwanza Mamlaka ya Serikali Mtandao, ili isijenge upya kitu ambacho jirani yake tayari anacho.

Tuseme ukweli, mlango mmoja una shida yake: ukigoma, foleni nzima inasimama. Na makato ya kulipa kwa simu mara nyingi bado yako juu yako, mlipaji.

Lakini mtu akikwambia umpe fedha mkononi "namba itakuja baadaye", usimpe. Dai namba kwanza, lipa mwenyewe kwa simu au kwa wakala, na ule ujumbe wa malipo usiufute.