Dakika tatu za kuamsha darasa la mchana

SAA nane na nusu mchana mjini Nakuru. Jua linapiga mabati, githeri ingali tumboni, na mwalimu wa Hisabati amegeukia ubao akiandika desimali. Nyuma yake, kwenye dawati la tatu kutoka dirishani, kichwa kimoja kinashuka polepole hadi kugusa kitabu. Kisha cha pili. Msomaji, ikiwa umewahi kuketi katika darasa kama hilo, iwe Kaptembwa, Bondeni au Lanet, huhitaji kuelezwa kinachofuata. Mwalimu atageuka.

Kichwa cha kwanza kilikuwa changu. Ulikuwa mwaka wa 2000, nikiwa darasa la sita katika shule ambayo sitaitaja, na kilichofuata ni viboko viwili vya mkononi na amri ya kusimama nyuma ya darasa hadi kengele ilie. Nilisimama. Sikusinzia tena siku hiyo, lakini hadi leo mtu akinitajia desimali mimi hukumbuka kiganja changu kabla ya kukumbuka nukta inawekwa wapi.

Ajabu ni kwamba kipindi cha mwisho siku hiyo kilikuwa cha Kiswahili, na hakuna aliyesinzia. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa na desturi ya kuingia bila salamu na kutamka neno moja tu: "Kitendawili!" Nasi, wanafunzi hamsini na ushei, tulimjibu kwa sauti moja: "Tega!" Aliyetaka kujibu ilimbidi asimame kwanza. Tuliposhindwa sote alidai apewe mji. Tukampa Molo, akaukataa kwa sababu ya baridi. Tukampa Naivasha, akaukubali kwa ajili ya samaki, akatupa jibu, tukacheka. Baada ya dakika tatu, ama nne kwa wingi, alituambia tufungue vitabu, nasi tukafungua. Watoto walikuwa wale wale, mchana ule ule, na githeri ile ile.

Dakika hizo tatu ndizo nitakazozungumzia hapa, kwa sababu nahofia kwamba shule nyingi zinazidi kuzinyima watoto, huku sisi wazazi tukishangilia.

Hebu mtazame mtoto wa mjini. Saa kumi na moja alfajiri tayari ameamshwa ili asiachwe na gari la shule. Kipindi katika shule ya msingi ni dakika 30 kwa madarasa ya chini na 35 kwa yale ya juu. Shule ya upili ni 40, na vingine huunganishwa viwili viwili. Akitoka hapo ni kipindi kingine, akiwa ameketi pale pale, kwenye ubao mgumu wa dawati. Wataalamu wa mwili wanatueleza kwamba ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mtu mzima, lakini hutumia yapata asilimia 20 ya nguvu zake hata akiwa amepumzika. Ni kiungo kilafi. Mtu akikaa kitako muda mrefu damu hutembea kwa uvivu, misuli hulegea na usingizi humnyemelea. Wewe mwenyewe ukiwa katika mkutano wa chama saa nane mchana, bila shaka huwa unajibana paja.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mtoto wa umri wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za kuuchosha mwili kila siku. Finland, nchi inayosifiwa sana kwa elimu, ina desturi ya kuwafundisha watoto dakika 45 kisha kuwatoa nje dakika 15, hata kukiwa na theluji. Wajapani nao wamekuwa wakijinyoosha kwa kufuata muziki na maelekezo ya redio tangu mwaka wa 1928. Hata hapa Kenya, katika miaka ya 1980 palifanyika majaribio ya kufundisha Kiingereza kwa redio katika madarasa ya kwanza hadi la tatu, na waliotunga vipindi hivyo hawakuwaacha watoto wakisikiliza tu. Redio iliuliza, ikanyamaza, watoto wakajibu, wakasimama, wakaonyesha kwa kidole, wakaimba. Walijua kwamba mtoto anayesikiliza sauti peke yake kwa nusu saa huwa amelala kabla ya robo saa.

Sitakudanganya kwamba kuruka mara kumi kunamfanya mtoto apate A. Utafiti uliofanywa katika nchi mbalimbali unaonyesha wazi zaidi kwamba watoto huwa makini na kazi iliyo mbele yao baada ya kujinyoosha. Habari za alama za mtihani si wazi hivyo. Lakini mwalimu yeyote atakuambia kwamba dakika 30 za watoto walio macho ni bora kuliko dakika 35 za watoto wanaosinzia.

Sasa, michezo yenyewe. Haihitaji vifaa, na mingi tuliicheza vichochoroni.

Wa kwanza ni ule wa nyama, ambao kila mtoto wa Kenya anaujua. Kiongozi anataja mnyama. Akiwa wa kuliwa, wote wanaruka na kuitikia. Akitaja simba au mbwa, anayeruka ametoka. Ni mchezo wa miguu, lakini hasa ni mchezo wa masikio, maana mtoto hawezi kuruka kwa mazoea. Mwalimu mwerevu huugeuza uwe somo. Badala ya wanyama anataja namba, na wanafunzi waruke tu inapogawanyika kwa tatu. Kwa Kiswahili anataja maneno, na waruke wakisikia kitenzi. Ila awe na busara na orodha yake ya wanyama. Katika darasa la Bondeni, ambako watoto wa Kiislamu na wa Kikristo huketi dawati moja, nguruwe ataleta mabishano ya kipindi kizima. Na punda je? Naivasha imewahi kuwa na kichinjio cha punda, kwa hivyo hata huyo si wa kuaminika.

Wa pili huitwa pua na sikio. Mkono wa kulia unashika pua, wa kushoto unapita mbele ya uso na kushika sikio la kulia. Mwalimu akipiga kofi, mikono ibadilishane: wa kushoto puani, wa kulia kwenye sikio la kushoto. Jaribu sasa hivi, msomaji, ukiwa umeketi hapo. Umeona? Watoto hujishika macho, hujishika midomo, na kicheko chenyewe ni nusu ya dawa. Wakishauzoea wakati wa ubaridi wa asubuhi, mwalimu aongeze kasi.

Ninaoupenda kuliko yote ni wa mvua. Niliuona mwaka jana katika Gredi ya Tano ya shule moja ya umma mjini Nakuru. Mwalimu, kijana wa miaka kama 26, aliwaambia wasugue viganja polepole: huo ni upepo unaotoka Menengai. Halafu wagonge kiganja kwa vidole viwili: matone ya kwanza. Kisha vidole vinne, kisha mapaja, na mwishowe miguu sakafuni, wote pamoja, hadi mvua yenyewe ikawa inanguruma juu ya mabati ya kichwani mwao. Mpishi wa shule alitoka jikoni mbio kuanua aproni yake kwenye kamba, akatazama juu, akaona mbingu ni nyeupe pe. Ndani ya darasa mvua ilianza kurudi nyuma: miguu, mapaja, vidole, viganja, hadi upepo, hadi kimya. Wanafunzi 60 walikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia bodaboda ikipiga honi barabarani. Mwalimu akasema, kwa sauti ya chini, kwamba turudi kwenye sehemu. Nilitazama saa. Zilikuwa zimepita dakika mbili na nusu.

Uzuri wa mvua ni kwamba inajizima yenyewe. Mwalimu asiyejua namna ya kuuzima mchezo ni afadhali asiuanze, kwa kuwa darasa likishapanda mori, hata mwalimu mkuu akija na kengele hatalishusha. Ndiyo maana nashauri mchezo wowote wa kuruka ufuatwe na ule wa kimya: wafumbe macho, wahesabu sauti wanazosikia nje, kisha mmoja aseme alisikia ngapi.

Kuna tofauti ya mahali pia, ambayo walimu wa bonde letu wanaijua vyema. Nakuru iko yapata mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na usingizi wake ni wa mchana. Ukipanda hadi Molo na Elburgon, adui si joto bali ni baridi ya asubuhi, wakati vidole vinakataa kushika kalamu. Huko michezo ya viganja na miguu ifanywe kipindi cha kwanza. Ukiteremka kuelekea Mogotio, karibu na mstari wa ikweta, joto la saa saba linamchosha mtoto kabla hajarudi darasani, na kumrusha ni kumwongezea jasho. Huko vitendawili chini ya mti, na maji ya kunywa, vitafaa zaidi.

Walimu watanijibu kwamba haya ni rahisi kuandikwa gazetini. Madarasa yamejaa. Ni kweli. Ndugu Peter Tabichi, mtawa wa Kifransisko aliyefundisha Hisabati na Fizikia katika Keriko Mixed Day Secondary, kijiji cha Pwani, Njoro, aliposhinda Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani mwaka wa 2019, aliwaeleza wanahabari kwamba darasa linalostahili kuwa na wanafunzi 35 hadi 40 lilikuwa na 70 au 80. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa bila malipo mwaka wa 2003, msongamano umekuwa jambo la kawaida. Katika darasa la namna hiyo hakuna nafasi ya kutembea, seuze kukimbia. Lakini pua na sikio havihitaji nafasi, wala mvua, wala kitendawili. Kadiri watoto walivyo wengi ndivyo mvua inavyonyesha vizuri.

Watasema pia kwamba silabasi haitakwisha. Hapa nawauliza kwa heshima: dakika unazotumia kumwamsha mmoja, kumgombeza wa pili na kurudia swali kwa wa tatu, nazo umezihesabu?

Lipo hata hivyo jambo ambalo mchezo hauliponyi. Kuna mtoto anayelaza kichwa kwa sababu hakula jana usiku. Nilimwona mwalimu mmoja, kwa nia njema kabisa, akiwachangamsha wanafunzi kwa kusema asimame aliyekula chapati, asimame aliyekula nyama, asimame aliyekunywa chai ya maziwa. Msichana mmoja hakusimama hata mara moja, na wenzake waliona. Ukitaka watoto wasimame, uliza nani amezaliwa mwezi wa Aprili, nani ana ndugu wawili, nani amewahi kuona heroe, wale tunaowaita flamingo. Na yule anayesinzia kila siku, hata baada ya mvua na vitendawili, aitwe pembeni na aulizwe taratibu. Huenda ni njaa, huenda ni ugonjwa, huenda analea wadogo zake usiku. Viboko havimpi uji. Na wala si halali: serikali iliviharamisha shuleni mwaka wa 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakataza adhabu ya kumpiga mwanafunzi.

Nyumbani nako, wewe mzazi, mambo ni yale yale. Mtoto anarudi saa kumi na moja jioni, anakula, anafungua kazi ya ziada mezani, na kufikia saa mbili usiku anasoma mstari mmoja mara tano. Usimwongezee taa wala maneno. Kila baada ya dakika 25 au 30 mwambie ainuke, achote maji, azunguke nyumba, au akutegee kitendawili cha kutunga mwenyewe. Wangu, aliye Gredi ya Nne, alinitega hivi: wageni wangu wote wamevaa waridi na kila mmoja ana mguu mmoja. Nilidhani ni maua. Alipotaka mji nilimpa Gilgil, akaukataa. Nikampa Nairobi yote. Jibu lilikuwa heroe wa Ziwa Nakuru, wakiwa wamelala.

Mkutano wa wazazi ukiitwa muhula huu, baada ya hesabu za karo na sare, inua mkono. Uliza kipindi cha mazoezi ya viungo kiko siku gani katika ratiba ya mwanao. Kisha uliza ni mara ngapi mwezi uliopita kipindi hicho kiligeuzwa kuwa Hisabati, na ni nani aliyekichukua.