Kwa nini boksi la sabufa lina tundu?

Chukua chupa tupu ya soda, pulizia juu ya mdomo wake. Umesikia inavyolia? Hewa iliyo shingoni ni kama mzigo, na hewa iliyo tumboni ni kama springi: mzigo ukisukumwa ndani, springi inaurudisha nje. Hermann von Helmholtz, mwanasayansi wa Ujerumani, alilichambua jambo hili katika karne ya 19. Boksi la sabufa lenye bomba ni chupa hiyo hiyo, ila mpulizaji ni spika.

Kila boksi lina mtetemo wake. Tuseme ni mitetemo 35 kwa sekunde, yaani 35 Hz. Muziki ukigonga hapo, koni ya spika karibu haisogei. Besi inayotikisa kiti chako inatoka kwenye bomba. Chini ya hapo mambo yanageuka. Hewa inaingia na kutoka bila kuikaba koni, nayo inarukaruka ovyo mpaka inajiumiza.

Najua, maana spika yangu ya kwanza niliiua mwenyewe. Nilitengeneza boksi la sentimita 60 kwa 40 kwa 30 kwa ajili ya gari la kaka yangu. Nikazidisha, nikapata lita 72. Kwa bomba la PVC la kipenyo cha sentimita 10, hesabu ya 35 Hz ikanipa urefu wa sentimita 19. Nikakata, nikagundisha, nikafungulia muziki. Wiki ya pili spika ikaanza kukwaruza, kisha kimya.

Kosa liko wapi? Nilipima nje! MDF yangu ilikuwa na unene wa milimita 18, kwa hiyo ndani zilibaki lita 54. Toa kama lita 5 zinazokaliwa na spika na bomba lenyewe, unabaki na 49. Springi fupi ni ngumu zaidi, hivyo boksi likalia kwenye 42 Hz badala ya 35. Noti zote za chini ya hapo zikaikuta koni haina breki. Bomba lilipaswa kuwa na sentimita kama 32.

Basi wewe pima ndani, toa nafasi ya spika na bomba, ndipo upige hesabu. Mwisho wa bomba uache angalau sentimita 10 kabla ya ukuta. Ziba kila upenyo. Kama amplifaya yako ina kichujio cha besi ya chini kabisa, kiweke karibu 30 Hz. Na bomba likate refu kidogo kwanza: kulipunguza ni dakika moja, kulirefusha ni kununua jingine.