Siri za Raia ni Amana kwa Watawala

  



Imepokewa kwamba Sayyidna Umar bin Al-Khattab, Mwenyezi Mungu amwie radhi, alikuwa na desturi ya kuzunguka Madina usiku kuangalia hali za watu. Usiku mmoja alisikia sauti ndani ya nyumba, akauparamia ukuta, akamkuta mwenye nyumba katika maasi. Alipomkemea, mtu yule alimjibu kwamba, ikiwa yeye amemuasi Mola wake kwa jambo moja, Amirul-Muuminina amemuasi kwa matatu: amepeleleza, na kupelelezana kumekatazwa, ameingia kwa ukutani, na tumeamrishwa kuingia majumbani kwa milango yake, tena ameingia bila ya idhini wala salamu. Umar hakuwa na la kujibu. Alimsamehe, akatoka.

Imamu Ghazali ameitaja habari hii katika Ihyaa, nasi twaiona nzito hasa kwa sababu mwenye nyumba yule alikuwa mkosa kweli. Hakujitetea kwa kudai usafi. Alimkumbusha mtawala kwamba naye ana mipaka. Husemwa siku hizi kwamba asiye na kosa hana haja ya kuficha kitu. Maneno hayo hayalingani na yaliyotokea Madina.

Katika Suratun-Nur, aya ya 58, hata watoto wa nyumbani wasiobaleghe wametakiwa waombe idhini nyakati tatu: kabla ya sala ya alfajiri, adhuhuri watu wanapovua nguo zao, na baada ya sala ya isha. Na Mtume (S.A.W.) alipochunguliwa na mtu kupitia tundu, alieleza kwamba idhini imewekwa kwa ajili ya jicho. Basi haitoshi kusema kwamba hakuna aliyekanyaga kizingiti chetu.

Leo nyumba zetu zimeongezeka mlango, nao ni simu tuichukuayo mfukoni. Ndani yake zimo barua zetu, picha za ahali zetu, hesabu za fedha zetu, na habari za kila tulipopita. Mnamo Novemba 2020 waandishi wa habari wa Marekani walifichua kwamba kampuni iitwayo X-Mode, iliyokuwa ikipokea kutoka programu ya Muslim Pro habari za mahali walipo watumiaji wake, iliziuza habari za namna hiyo kwa makandarasi wa ulinzi, na kupitia kwao kwa jeshi la nchi ile. Wenye Muslim Pro walitangaza kukata uhusiano na kampuni hiyo. Mja anatafuta kibla, na huku jicho asilolijua linaandika mswala wake ulipotandikwa!

Hatusemi kwamba dola isiandikishe watu. Sayyidna Umar huyo huyo ndiye aliyeanzisha Diwani, daftari la majina ya watu na stahiki zao. Bila ya daftari haki ya yatima hupotea. Linaloulizwa ni kile kinachoandikwa, na nani anayelilinda daftari lenyewe.

Tutazame Kenya. Mwaka 2019 Serikali iliandikisha zaidi ya watu milioni 30 katika mpango wa Huduma Namba, na sheria ikaruhusu hata vinasaba vya mtu vichukuliwe. Jumuiya inayotetea haki za Wanubi, ndugu zetu ambao wengi wao ni Waislamu wa Kibera, ilikwenda Mahakama Kuu pamoja na wengine. Wanubi wametaabika miaka mingi kupata vitambulisho. Waliogopa kufichuliwa, na waliogopa vile vile kwamba asiye na karatasi atafungiwa nje ya huduma. Tarehe 30 Januari 2020 Mahakama ilitamka kwamba kuchukua vinasaba, na kuandika kwa msaada wa setilaiti mahali hasa akaapo mtu, ni kinyume cha Katiba, na kwamba mpango usiendelee pasipo kanuni timilifu. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ikabatilisha utoaji wa kadi, kwa kuwa Serikali haikupima kwanza madhara yanayoweza kuwafika watu, kama sheria ya mwaka 2019 inavyotaka. Serikali ilirudishwa mlangoni ikabishe hodi.

Kwa upande wa Tanzania, Katiba katika ibara ya 16 inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika Mei 2023, ikiwa na Tume ya kupokea malalamiko. Mtu anaweza kuuliza yaliyoandikwa juu yake na kutaka makosa yasahihishwe. Kamati zetu za misikiti, zinazoweka majina ya wapokea zaka, nazo zijitazame.

Sheria hiyo imeacha nafasi kwa ajili ya usalama wa nchi na uchunguzi wa makosa. Hatuipingi nafasi hiyo. Tunachowaomba watunga sheria ni kwamba afisa anayetaka kufungua simu ya raia apitie kwanza kwa hakimu, aeleze sababu yake, na hakimu awe na uwezo wa kumwambia arudi, kama aya ya 28 ya sura ile ile inavyomtaka arudi kila aliyenyimwa idhini.